Anza na Kichwa cha Risasi, Bunduki Itafuata

Mtu akisikia unajengesha bunduki ya waildikati swali la kwanza ni spidi tu. Inakimbia ngapi? Inaipita ya kiwandani kwa kiasi gani? Na mi kila siku jibu langu ni lilelile, spidi ndo kitu cha mwisho kuangalia, maana ukianza na spidi utajikuta na bunduki inayokula mtutu, inayopiga kwa presha ambayo huijui, na ukija kuipima kwenye kronografu, kile kifaa cha kupima spidi ya kichwa, unakuta faida ni futi hamsini hivi kwa sekunde. Anza na kichwa. Yani kaa chini uamue ni kichwa gani cha risasi unataka kukirusha, halafu kila kitu kingine kwenye ile bunduki kirudi nyuma kutoka hapo: msokoto wa mtutu, urefu wa koo, urefu wa magazini, hata akshoni utakayonunua, yani ule mwili wa bunduki wenye bolti inayofunga risasi ndani.

Tuelewane kwanza kabla sijaenda mbali. Nikisema risasi naongelea kitu kizima, ganda, fataki ya kuwashia, baruti na kichwa chake, na kichwa ni kile kinachoruka. Waildikati ni risasi ambayo haijawekewa vipimo rasmi wala kikomo rasmi cha presha na taasisi kama SAAMI ya Marekani, iliyopo toka 1926, au C.I.P. ya huku Ulaya na kwingineko, na kwa kawaida huwezi kuikuta dukani ikiwa imeshajazwa. Unachukua ganda la kiwandani lililopo, unalibana shingo au unalipanua, unalisogeza bega, unapata kitu kipya, na chemba ya bunduki, pale risasi inapokaa, inachimbwa kufuata kitu hicho.

Wengine wanaona huu ni wazimu wa watu wenye muda mwingi, lakini angalia risasi ngapi za madukani zilianza hivihivi. .25-06 mafundi walikuwa nayo toka miaka ya 1920 na Remington wakaja kuichukua 1969. .35 Whelen ni ya 1922, kiwandani imeingia 1988. .22-250 ndo inanifurahisha kuliko zote kwa sababu ilizunguka mikononi mwa mafundi toka miaka ya 1930, na mwaka 1963 Browning wakatoa bunduki ya chemba hiyo wakati hakuna kiwanda hata kimoja kilichokuwa kinauza risasi zake, Remington wakaja nazo miaka miwili baadaye. Fikiria ujasiri huo, unauza bunduki na mteja anajua kabisa risasi atazijaza mwenyewe.

Ya kwangu ni .257 Roberts Ackley Improved. Ukoo wake ni mrefu. Babu yake ni 7x57 Mauser ya miaka ya 1890. Ned Roberts kule Marekani akaja na wazo la kulibana lile ganda shingo lishike kichwa cha inchi 0.257, ikawa waildikati ya watu wa shabaha na wawindaji mpaka Remington walipoifanya ya kiwandani 1934. Halafu Parker Otto Ackley, fundi bunduki aliyefundisha ufundi huo chuoni Trinidad, Colorado, akaichukua hiyohiyo akaifanyia alichozifanyia risasi nyingine kibao: tumbo la ganda likanyooshwa lisiwe limechongoka kama mwanzo, na bega likasimamishwa mpaka nyuzi 40 kutoka kama nyuzi 20 za Roberts. Kwa hiyo ninachomiliki mimi ni waildikati ya waildikati.

Sasa kwa nini inchi 0.257, wakati milimita 6 na 6.5 zimejaa vichwa vizuri vya kila aina? Hapa ndo penyewe. Kwa miaka mingi bunduki za .25 zilitoka viwandani na msokoto wa inchi 10, yani kichwa kinazunguka mara moja kamili kila kikisafiri inchi 10 ndani ya mtutu. Msokoto huo unatosha vichwa vya greni 100 mpaka 120, greni ni kipimo cha uzito wa vichwa. Watengenezaji wa vichwa wakaona hakuna haja ya kutengeneza vichwa virefu vizito vya .25 maana bunduki zilizopo haziwezi kuvituliza, na watengenezaji wa bunduki nao wakaona hakuna haja ya msokoto mkali maana vichwa virefu havipo. Kila mmoja anamsubiri mwenzie, na kalibra nzima ikabaki hapo huku 6.5 ikiondoka na sifa zote za masafa marefu. Miaka ya karibuni ndo wakatokea watu waliotengeneza vichwa vya .25 vya greni 130 na kitu, virefu, vyembamba, mkia umechongwa kama wa mtumbwi, na upepo vinaukata kweli. Mi nilitaka kurusha kichwa cha namna hiyo. Hicho tu. Bunduki nzima imetokana na hilo hitaji moja.

Na ukishaamua hivyo hesabu zinaanza kukuongoza zenyewe. Kuna kanuni ya mwaka 1879 ya Mwingereza Alfred George Greenhill, aliitengeneza kwa ajili ya mizinga lakini mpaka leo watu wanaitumia kwa makadirio ya haraka: chukua 150, zidisha na kipenyo cha kichwa mara kipenyo, gawa kwa urefu wa kichwa, vyote kwa inchi, unapata msokoto. Kichwa cha .257 chenye urefu wa inchi 1 kamili kinakupa inchi 9.9, na unaona kabisa ule msokoto wa inchi 10 wa zamani unavyoendana na vichwa vya zamani. Weka kichwa cha inchi 1.4, inashuka mpaka 7.1. Kwa mwendo wa juu wengine hutumia 180 badala ya 150, na siku hizi kuna kanuni ya Don Miller inayoangalia na uzito, ambayo ni bora zaidi, lakini ujumbe ni uleule, mtutu wa inchi 10 na kichwa kirefu haviwezi kuishi pamoja. Kichwa kisichotulia kinayumba, kinatoboa karatasi kikiwa kimelala ubavu, unaona tundu refu kama la ufunguo. Nikaagiza mtutu wa msokoto wa inchi 7.5, ambao ndo mtengenezaji wa kile kichwa alikuwa anaukubali. Chuma chake, aina ya mifereji, imekatwa au imesukumwa kwa batani, hayo mi sikuyapigania sana, mtutu mzuri ni mtutu mzuri.

Kingine ambacho wengi hawakifikirii mpaka wamechelewa ni urefu. Risasi ya Roberts kwenye vipimo rasmi inaishia inchi 2.775 kutoka kitako mpaka ncha, na bunduki nyingi za zamani zilipewa magazini fupi ya kufanana na hiyo. Sasa chukua kichwa kirefu cha kisasa ukilazimishe kiingie kwenye urefu huo, nini kinatokea? Kinazama ndani ya ganda, mkia wake unapita shingo unapita bega unaingia sehemu ya baruti, na ile nafasi Ackley aliyoihangaikia kuiongeza wewe unaijaza tena kwa mkia wa kichwa. Haina maana kabisa. Ndo maana nikataka akshoni ndefu, ile ya kubeba .30-06 yenye urefu wa inchi 3.34, ili kichwa kikae nje, mkia uishie pale shingo inapokutana na bega, na koo la chemba lichimbwe refu kukipokea hapo kilipo.

Koo ni nini? Ni kile kipande cha mbele ya chemba, baada ya shingo kuisha na kabla mifereji haijaanza, ambapo kichwa kinapita kikiwa hakijashikwa na chochote. Likiwa refu sana kichwa kinaruka umbali mrefu kabla ya kushika mifereji na shabaha inaweza kutawanyika, likiwa fupi kichwa kinagusa mifereji mapema na presha inapanda. Kwenye bunduki ya kiwandani unapokea koo ulilopewa. Kwenye ya kujengesha unalichora wewe, na kalamu yako ni rima.

Rima, wadau, ndo moyo wa bunduki ya waildikati, kuliko mtutu na kuliko akshoni. Ni kile chombo cha chuma kigumu chenye meno marefu ambacho umbo lake ndo umbo la chemba, chochote kilichomo kwenye rima kitakuwa kwenye bunduki yako, zuri au baya. Unapoiagiza unaletewa mchoro wa kuidhinisha, na huo mchoro usiusaini kwa haraka. Mi nilichofanya ni kujaza risasi moja ya mfano, ganda na kichwa nilichokusudia, bila baruti bila fataki, kichwa kikiwa pale hasa nilipotaka kikae, nikaituma kwa mtengenezaji wa rima aipime yeye. Kutokana na hiyo akapata urefu wa koo, na upana wa shingo ya chemba akaweka unaozidi shingo ya risasi iliyojazwa kwa inchi 0.003 hivi, nafasi ya shingo kufunguka na kukiachia kichwa bila kubana. Shingo ya chemba ikibana kuliko hapo lazima uanze kukereza shingo za maganda moja moja, kuna watu wa shabaha ya benchi wanaipenda kazi hiyo na matokeo yao yanaonekana, ila kwa bunduki ya kubeba porini mi siitaki. Na mchoro huohuo uende kwa mtu wa daizi za kujazia, vile vyuma vya kulirudisha ganda kwenye umbo lake. Chemba na daizi zikitoka kwenye michoro miwili tofauti ganda linateseka kila raundi, linapanuliwa huku linabanwa kule mpaka linachoka.

Kazi ya kuchimba chemba ni ya fundi mwenye leseni na mashine yake ya kukereza, na mwenye bunduki kazi yake ni kumtafuta fundi asiye na haraka. Nilibahatika kusimama pembeni wakati yangu inachimbwa. Kilichonishika ni muda alioutumia kabla hata rima haijagusa chuma. Tundu la mtutu haliko katikati kamili ya chuma chake kama tunavyodhani, linapinda kidogo sana ndani kwa ndani, kwa hiyo fundi haulinganishi mtutu kwa ngozi yake ya nje, anaingiza kijiti cha kipimo ndani ya tundu lenyewe, anazungusha kwa mkono, anaangalia mshale wa saa ya kipimo, analegeza skrubu moja anakaza ya upande wa pili, anazungusha tena, mpaka mshale unakaribia kusimama kabisa. Ndo rima ikaingia. Anasogeza kidogo, anatoa, anafuta vinyweleo vya chuma vilivyojaa kwenye meno, anapaka mafuta, anarudi. Sauti ilikuwa ndogo, mkwaruzo laini tu wa kulingana, na siku nikisikia fundi anachimba kwa sauti ya kutetemeka mi naondoka na mtutu wangu.

Mwishoni ni hedispesi, nafasi kati ya uso wa bolti na pale ganda linaposimamia. Kwa risasi za Ackley kuna ujanja wake na lazima mwenye bunduki aujue, asimwachie fundi peke yake. Chemba inachimbwa fupi kuliko ya Roberts ya kawaida kwa inchi 0.004, ili ukiingiza risasi ya kawaida ya Roberts, ile kona ya shingo na bega ibanwe kidogo bolti inapofunga. Mkononi unaisikia, kishikio kinakaza mwisho mwisho. Kwa hiyo ile geji, kipande cha chuma cha kupimia chemba, ambayo kwenye bunduki ya Roberts bolti inatakiwa kuifunga, kwenye ya Ackley inageuka kuwa geji ya kukataa, bolti ikiifunga ujue chemba imechimbwa ndefu. Kuna mafundi wasioijua hii, wanachimba kwa geji ya risasi mama, yani Roberts ya kawaida, wakidhani wamefanya kazi safi.

Kwa nini inchi 0.004 ziwe jambo kubwa hivyo? Kwa sababu ganda la Ackley linazaliwa ndani ya chemba. Unapiga risasi ya kawaida ya Roberts, moto unalisukuma ganda kila upande, bega linasimama, tumbo linanyooka, linatoka jipya. Kama limeshikwa barabara kati ya bolti na ile kona ya shingo, brasi, yani chuma cha ganda, inatanuka pale mbele inapotakiwa. Kama kuna uwazi, pini ya kufyatulia inalisukuma ganda mbele, kuta zake zinashikwa na chemba, kitako kinarudi nyuma kuifuata bolti, na brasi inavutika karibu na kitako. Kwa nje huoni kitu zaidi ya pete hafifu inayong'aa. Chukua waya mwembamba, upinde ncha kidogo, uchonge, uingize mdomoni mwa ganda ukwaruze ukuta wa ndani kuelekea chini. Ukihisi ncha imedumbukia kwenye kijifereji, lile ganda limeshakatika nusu, na likikatika lote siku ya siku gesi inakurudia usoni. Mi nakagua maganda hivyo mpaka leo hata kama yanaonekana mazima.

Ganda lililotoka vizuri ni raha kulishika aisee. Bega limesimama kali, kona zake unazihisi kwa ukucha, shingo ina masizi mepesi yanayoishia kwa mstari ulionyooka kuonyesha iliziba gesi vizuri, na ukiliweka jirani na la Roberts la kawaida unaona jinsi tumbo lilivyoondoka ule mchongoko. Na kwa wanaopenda kuuliza, maganda yakishakaa vile hayarefuki shingo haraka, unakata mara chache sana. Hiyo kwangu ni faida kubwa kuliko spidi.

Turudi kwenye spidi basi maana najua mnaisubiri. Wajazaji wa risasi wana kanuni wanayoitegemea: asilimia ya nafasi unayoongeza kwenye ganda, gawa kwa nne, hiyo ndo asilimia ya spidi utakayoongeza kwa presha ileile. Ongeza nafasi asilimia 8 unapata spidi asilimia 2. Kwenye futi 2,900 kwa sekunde hiyo ni futi 58. Basi. Sasa unakutana na mtu anakwambia Ackley yake inaipita risasi mama kwa futi 200, na hizo futi nyingine zimetoka wapi? Zimetoka kwenye presha. Roberts iliwekewa kikomo cha chini, psi 54,000 (paundi kwa inchi ya mraba), kwa kuheshimu bunduki kuukuu zilizokuwepo, wakati .25-06 imeruhusiwa 63,000. Ukiijaza Roberts ya kawaida kwa presha ya kisasa kwenye akshoni ya kisasa itakimbia pia, bila Ackley wala nini. Sifa nyingi za waildikati zimejengwa juu ya kulinganisha risasi mbili zilizopigwa kwa presha tofauti, na mi naona huko ni kudanganyana.

Na tatizo ni kwamba presha yenyewe nyumbani huioni. Hakuna kitabu rasmi cha kukupa kikomo cha waildikati, mtutu wako una koo lako, kichwa chako, hakuna aliyeupima. Watu wanategemea fataki kuwa bapa au bolti kukaza, lakini dalili hizo huja wakati presha imeshapita sana mahali pa kusimama, na fataki laini na ngumu zinadanganya kila moja kivyake. Kipimo cha uaminifu tulichonacho ni kronografu. Spidi haiji bure, ukiona kasi imezidi ile ambayo nafasi ya ganda inaweza kuieleza, umeshakuwa juu hata kama fataki inacheka. Mi naanzia kwenye vipimo vya risasi mama, napanda kidogokidogo, na nikifika ile asilimia mbili na kitu nasimama, hata kama bolti bado inafunguka kwa kidole kimoja.

Hapa kuna jambo lilimponza Ackley mwenyewe kueleweka vibaya. Alifanya jaribio maarufu na Winchester 94 ya .30-30 aliyoichimba chemba ya Improved, akaondoa kabisa ile kabari inayofunga bolti kwa nyuma, akapiga, na ganda likabaki mahali pake. Alitaka kuonyesha kwamba ganda lililonyooka na kukauka linashika kuta za chemba na kupunguza mzigo unaoiangukia bolti. Watu wakasoma hiyo wakadhani Ackley inapunguza presha. Haipunguzi. Mzigo kwenye bolti ni kitu kimoja na presha ndani ya chemba ni kitu kingine, na mbaya zaidi, kwa kuwa ganda lililonyooka halikazi bolti mapema, ile dalili uliyokuwa unaitegemea inakuja kwa kuchelewa. Ganda linakuficha ukweli kwa uzuri wake.

Stoki, kifyatulio na darubini sitaziongelea sana, hizo ni kama za bunduki yoyote nzuri, akshoni ikalishwe kwenye epoksi isicheze, mtutu uelee bila kugusa mti. Lakini maandishi kwenye mtutu siwezi kuyaruka. Lazima mtutu uchongwe jina kamili la chemba, ".257 Roberts Ackley Improved", lisomeke. Maganda yangu kitakoni yameandikwa 257 Roberts maana ndo yalivyotoka kiwandani, na risasi hiyo ya Ackley haitaingia kwenye bunduki ya Roberts, ila kuna waildikati nyingine ambazo zinaingia pasipo pao na hapo ni janga. Siku moja hii bunduki itakuwa mkononi mwa mtu asiyenijua. Kwa wale walio kwenye nchi za C.I.P. mtutu mpya unatakiwa upelekwe nyumba ya upimaji upigwe muhuri, kwa hiyo waulize mapema kama wataipokea chemba isiyo na vipimo rasmi, kabla hujaagiza rima, na mambo ya vibali ya nchi yako yamalize kabla ya yote.

Inapigaje? Kile kichwa kirefu kinatulia, matundu kwenye karatasi ni ya duara safi, na kwenye masafa ya mbali upepo unakisogeza kidogo sana kuliko vichwa vya greni 100 nilivyozoea kwenye .25 za kawaida. Spidi ni ileile kanuni ya robo iliyoahidi. Koo limeanza kuonyesha vijipasuko vya joto ukichungulia kwa kamera ndogo, kawaida ya mtutu unaofanya kazi, na rima ninayo kabatini, kwa hiyo likishaliwa kabisa fundi atakata nyuma ya mtutu kiasi kinachotosha, atatengeneza nyuzi za skrubu upya na kuchimba chemba ileile mbele kidogo, maganda na daizi vitaendelea kutumika vilevile. Ila safari hiyo rima itarudi kwanza kwa aliyeitengeneza aguse kitu kimoja tu, koo lipungue kidogo, maana mtengenezaji wa kile kichwa ametoa kingine kifupi kidogo chenye ncha bora na hicho ndo nataka kukirusha.